Jua la Saa Saba Usiku

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimejitolea. Bosi Suresh aliingia ofisini amekunja uso, akauliza nani anaweza kumwambia dizeli yake inakwenda wapi. Zamani tangi lilikuwa linafika mwisho wa mwezi, sasa halifiki hata katikati. Nikasema mimi. Sikuwa najua. Ila Fredy alikuwa ameshafungua mdomo, na ukimwachia Fredy nafasi anakaa nayo mpaka jioni.

Fredy ni mtunza stoo. Kila Ijumaa anabandika ukutani karatasi ya manila yenye grafu aliyoichora kwa rula na kalamu za rangi. Mistari imenyooka, siwezi kusema uongo. Wachimbaji wanaotuletea mawe ya dhahabu kusagwa kwenye karasha zetu husimama kuitazama kama picha ya harusi. Mimi ni karani wa mizani. Hakuna anayesimama kutazama mizani.

Lakini ninacho kitu ambacho Fredy hana. Mwaka huu watu wa Mwanza walitufungia kisanduku cha vipimo. Kinapima dizeli iliyomo kwenye tangi, kinapima umeme wa sola ya juu ya paa, na kila baada ya dakika chache kinatuma namba kwenye kompyuta. Namba zimejaa humo, hakuna anayezisoma. Na humo humo kuna programu ya kuzigeuza kuwa grafu. Haina picha wala vitufe. Ni skrini nyeusi: unaandika amri, unabonyeza, unasubiri. Nimeangalia video ya mafunzo mara mbili. Sawa, mara moja na nusu.

Jioni nimemweleza Mzee Masudi, baba mwenye nyumba wangu hapa Kalangalala, Geita. Yeye ndiye mlinzi wa usiku pale kazini, na ndiye aliyeniombea kazi kwa Bosi. Akasema vizuri mwanangu, sasa kula. Mkewe, Mama Kudra, hunipakulia kama mtoto wa nyumbani. Nikishakuwa Mkuu wa Grafu nitawakumbuka.

Jumanne, 4 Juni

Programu ina dharau. Niliiandikia amri ya mistari minne, ikanijibu kwa mstari mmoja kwamba haielewi. Nilikuwa nimesahau nukta pacha. Nikaweka nukta pacha, ikasema kuna nafasi imezidi. Nikatoa nafasi, ikasema faili halipo. Faili lipo. Nilikuwa naliona. Tumebishana hivyo mpaka chai ya saa nne.

Halafu ikakubali. Grafu ikatokea! Kila kitu unachagua mwenyewe: upana, urefu, kichwa cha habari, mstari mnene au mwembamba, kivuli chini ya mstari. Rangi inaandikwa kwa herufi na tarakimu sita. Nyekundu ni FF0000, nimeiandika kwenye kiganja. Nikachapa nakala nikaibandika ukutani juu ya manila ya Fredy. Si kando yake. Juu yake.

Fredy akaja na kikombe chake. Akatazama mahali dizeli inaposhuka ghafla, akasoma kwa sauti, 08:00. Akauliza kumbe jenereta za karasha zinajazwa saa nane, wakati watu wote tuko kwa Zipora, mama ntilie, tunakula ugali. Anajua vizuri kwamba 08:00 ni saa mbili asubuhi. Simu yake inamwambia hivyo kila siku. Lakini wapakiaji walicheka, na mmoja akasema Dona anapika grafu. Naitwa Donatus. Dona ni unga.

Nimefikiri njia nzima kurudi nyumbani. Fredy hatanicheka mara ya pili. Kama watu wa hapa wanahesabu saa kwa Kiswahili, basi grafu nayo itahesabu kwa Kiswahili. Nimerudi ofisini kwa bodaboda, nikaongeza neno moja tu kwenye amri, la kurudisha muda nyuma kwa saa sita. Sasa saa mbili asubuhi inaandikwa 02:00, kama inavyotamkwa. Ni jambo dogo lenye akili kubwa. Sijui kwa nini Mwanza hawakulifikiria.

Nilitaka kuandika chini ya grafu kwamba saa hizi ni za Kiswahili. Maneno yakawa yanagongana na jina langu. Nikabakiza jina.

Alhamisi, 6 Juni

Siku yangu. Naandika polepole ili niikumbuke.

Nilichapa grafu ya wiki nzima, dizeli kwa FF0000, kivuli cha rangi ya waridi chini yake, kichwa cha habari kikubwa. Bosi akaivalia miwani. Akafuata mstari kwa kidole mpaka pale unapoporomoka. Akauliza hii ni nini, 02:00. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: saa nane usiku. Kila siku, saa nane usiku, dizeli yake inashuka.

Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu aniajiri. Akasema Donatus, umemkamata mwizi.

Hapo kuna kitu kilinigusa kichwani. Ile hali ya mtu aliyetoka nyumbani akijua kuna kitu amekiacha. Nikapapasa mfukoni, funguo zipo. Simu ipo. Nikasema asante Bosi, ni kazi tu.

Fredy akadandia. Akauliza mbona yeye anafungua bomba kila asubuhi kujaza jenereta na kwenye grafu haonekani. Nilieleza kitaalamu kwamba huenda anatoa dizeli kidogo mno hata kisanduku hakimtambui. Wivu umemjaa mpaka kooni.

Bosi akauliza nani huwa yupo pale saa nane usiku. Nilijibu haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mlinzi, Bosi. Neno likatoka lote ndipo nikakumbuka mlinzi ni nani.

Mzee Masudi ameambiwa apumzike nyumbani mpaka Jumatatu, siku ambayo Bosi atatoa uamuzi. Kupumzika, kwa Bosi, ni mlango wa kutokea ulio nusu wazi. Bosi mwenyewe atalinda tangi usiku huu, ndani ya gari lake.

Nimepewa feni ya mezani.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi hakukuwa na vitumbua. Kulikuwa na sahani, safi, imefunikwa kawa. Nikafunua, nikaitazama, nikafunika. Mama Kudra alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba kwa ufagio.

Mzee Masudi yeye alinikaribisha kwenye mkeka. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama karatasi yangu inaweza kukosea. Nikamwambia karatasi haikosei, Mzee, ni kompyuta. Akatikisa kichwa. Akasema amelilinda tangi hilo tangu lilipokuwa pipa, na mke wake hajui jina lingine la kazi yake zaidi ya mlinzi wa tangi. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nilikusudia kumtetea, na nilifika ofisini nikiwa na maneno tayari.

Bosi alikuwa amevimba macho. Amekesha akilitazama tangi, hakuona hata paka. Nikafurahi, nikaona Mzee amepona. Tukachapa grafu ya usiku huo. 02:00, dizeli imeshuka kama kawaida, na Bosi alikuwa amekaa mbele yake!

Hapa mtu mwingine angekubali kwamba hajui. Mimi nikapata wazo. Kama dizeli inatoka na hakuna anayeichota, basi inatokea chini. Kuna bomba. Limechimbiwa ardhini, linaanzia chini ya tangi, linapita chini ya ukuta, na mwizi mwenye bomba hahitaji hata kuwepo. Bosi akapiga meza. Akauliza nani angeweza kuchimba mtaro usiku bila kuonekana. Safari hii nilinyamaza. Lakini wote tulijua ni kazi ya mtu anayekuwepo usiku.

Sasa kumtetea Mzee imekuwa vigumu. Nimemwongezea bomba.

Jumamosi, 8 Juni

Tumechimba. Nilipanga mimi, na mpango ulikuwa mzuri. Wapakiaji watano, sururu, koleo, kuanzia alfajiri. Niliwaapisha kwamba hakuna kumwambia mtu yeyote tunachotafuta, ili mwizi asishtuke.

Kosa halikuwa langu. Mwendesha bodaboda alipita, akachungulia juu ya ukuta, akauliza mnachimba nini. Mpakiaji akamjibu alivyofundishwa: tumeambiwa tusiseme.

Mtu wa Geita ukimwambia hivyo umemwambia kila kitu. Kabla jua halijakolea kulikuwa na watu kumi nje ya ukuta, halafu mia, kisha sikuweza kuhesabu. Rashi ya dhahabu! Watu wamekuja na sururu, makarai, magunia. Zipora alihamisha jiko lake la chapati mpaka miguuni pa ukuta. Vijana wawili walianza kugawa viwanja kwa kamba. Mzee mmoja aliyesema katokea Maganzo, kwenye almasi, alipenyeza mkono kwenye ufa, akachota udongo, akaupuliza kiganjani, akatangaza kwamba dhahabu hajui lakini almasi ipo.

Bosi akamwagiza Fredy awaondoe. Fredy akachukua manila, akaandika kwa herufi nzuri, zenye kivuli, HAKUNA DHAHABU HAPA, akaibandika getini. Watu waliisoma wakatazamana. Wakasema kumbe ni nyingi kiasi hicho. Kundi likaongezeka maradufu.

Tulipata bomba, ila lilikuwa la maji. Sururu ililikata katikati na maji yakaruka juu ya ukuta. Huko nje walishangilia, kwa sababu sasa walikuwa na maji ya kuoshea mchanga.

Polisi walikuja alasiri wakawatawanya. Ukuta umelala upande mmoja. Shimo lina kina cha kunizamisha, nimelipima kwa kuanguka ndani yake.

Kesho ni Jumapili. Nitapumzika na kuboresha grafu. Nafikiri imekosa uchangamfu.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Kikao kilikuwa uwanjani, kando ya shimo, kwa sababu ofisini tusingetosha. Bosi, wapakiaji, Fredy, Zipora aliyejialika. Na Bibi Induben, mama yake Bosi, ambaye amekuja kutoka Shinyanga baada ya kusikia mwanawe amepata mgodi wa almasi. Bibi alizaliwa Kishapu, baba yake alikuwa mnunuzi wa pamba, na Kisukuma chake kinanifanya mimi nionekane mgeni. Alinisalimia mwangaluka, salamu ya asubuhi, akanisahihisha nilivyoitikia.

Mzee Masudi alikuja amevaa kanzu. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko koti la ulinzi limepigwa pasi, na tochi, na filimbi. Alikuja kuvirudisha kabla hajaombwa. Mama Kudra alisimama nyuma yake, hakumtazama mtu. Nilitamani kuwa ndani ya shimo.

Bosi akaniambia nionyeshe ushahidi. Nikakunjua grafu. Niseme tu ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimechapa kurasa nne nikaziunganisha kwa gundi. Dizeli kwa nyekundu. Na kwa ajili ya uchangamfu nilikuwa nimeongeza mstari wa pili, wa sola ya juu ya paa, kwa rangi ya njano, FFCC00, yenye kivuli, unapanda na kushuka kila siku kama vilima. Wapakiaji waliguna kwa kuvutiwa. Hata Fredy aliguna.

Bibi Induben akasogea. Akauliza hiki cha njano ni nini. Nikamwambia ni jua, Bibi, nguvu ya jua kwenye sola. Akafuata kilima kwa ukucha mpaka kinapoanzia. Akasoma, 01:00. Akamuuliza mwanawe hiyo kwa saa zenu za simu ni saa ngapi. Bosi akasema saa saba usiku.

Bibi akasema kwa upole kwamba hapo jua linachomoza saa saba usiku. Akafuata kilima mpaka kinapoishia. Na linazama saa saba mchana, wakati yeye akija hapa saa hiyo ndiyo anaanika papadi zake juu ya paa lile lile. Akauliza je, kuanzia leo tuwe tunasalimiana mwangaluka tukienda kulala?

Watu walicheka. Mimi nikatetea kazi yangu. Nikasema si jua peke yake, sola huchukua pia mbalamwezi.

Hapo Mzee Masudi akainua mkono. Akasema, polepole, kama anayeomba radhi kwa kunikatiza, kwamba siku zote hizo usiku ulikuwa giza tupu. Mwezi ulikuwa haujaandama. Msikitini kwao wamekuwa wakiutafuta angani, kwa ajili ya kuhesabu siku za Idi.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakitafuta Alhamisi, kile ambacho hakikuwa funguo wala simu.

Fredy alinitangulia kusema: Jumanne mporomoko ule ule yeye aliusoma 08:00. Akasema 02:00 kwa saa ya Kiswahili ni saa mbili asubuhi, na saa mbili asubuhi ndipo yeye anapofungua bomba kujaza jenereta. Akageuka akaniuliza mbele ya watu wote, Dona, umegusa saa? Nikajibu kwamba niliipa uzalendo kidogo.

Bosi akauliza basi kama hakuna mwizi, dizeli inaishaje mapema. Bibi Induben akanyoosha kidole upande wa mashine. Akasema zamani karasha zilikuwa mbili. Sasa anaona tatu. Aliyenunua ya tatu ni nani?

Bosi akakaa chini juu ya lundo la udongo wa shimo, na suruali yake nyeupe. Halafu akainuka, akaenda kwa Mzee Masudi, akamshika mikono yote miwili, akaomba msamaha. Alimaanisha. Mzee akapokea. Alisema amesamehe, ila kilichomuuma ni kwamba Bosi aliiuliza karatasi kabla ya kumuuliza yeye. Alisema kwa sauti ile ile anayoniambia nile. Mama Kudra akachukua ule mfuko, akatoa koti, akamvalisha mumewe juu ya kanzu, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Hapo nililia kidogo. Nilisema ni vumbi.

Feni imechukuliwa.

Jumatano, 12 Juni

Jana na leo nimefukia shimo. Peke yangu, kwa koleo, ndiyo adhabu. Fredy alikuja mara mbili na kikombe chake kukagua kama limenyooka. Jana alirudisha manila yake ukutani. Grafu yangu ya kurasa nne amefungia vipuri vya karasha.

Nyumbani mambo si mabaya. Vitumbua vimerudi, viwili badala ya vinne. Mzee amenishika bega, akaniambia kijana akikosea anajifunza. Nilimhakikishia nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kurudisha saa nyuma kwa saa sita. Bosi alisema jana niache, fundi wa Mwanza ameshaingia kwa mtandao na kuzirejesha. Lakini mimi siwezi kuacha jambo langu mikononi mwa watu wa Mwanza. Mchana huu, wenzangu walipokwenda kwa Zipora, nikapangusa udongo mikononi, nikakaa mbele ya skrini nyeusi, nikaongeza saa sita mimi mwenyewe. Sasa zimerudi kwa uhakika, mara mbili.

Halafu nikachapa grafu mpya, kujaribu tu. Dizeli haishuki tena 02:00. Inashuka 14:00, kila siku, bila kukosa. Saa nane mchana! Saa ambayo sisi wote tuko kwa Zipora tunakula ugali, na ufunguo wa tangi unabaki na mtu mmoja tu. Mtu ambaye siku zote anasema ana kikombe chake cha chai na hana njaa.

Sasa naelewa kwa nini alikuwa na haraka ya kuniuliza kama nimegusa saa.

Kesho asubuhi naiweka mezani kwa Bosi. Mzee Masudi ameniona nikitabasamu peke yangu, akauliza kuna nini. Nimemwambia atajivunia mwanawe. Mstari ni FF0000, mnene, na jina la Fredy nimeliandika kubwa kwenye kichwa cha habari.

Jua nimelitoa. Linachanganya watu.